Kunyoosha maganda ya bastola yaliyovimba kitako

Ganda la .40 S&W (aina ya risasi ya bastola) huvimba karibu na kitako, pale chemba (sehemu ya mtutu inamokaa risasi) isipolishika vizuri wakati wa kufyatua. Kalibu ya kawaida (kifaa cha chuma cha kurudisha umbo la ganda ili lijazwe tena) haifiki hapo, maana kishikio cha ganda huizuia. Tumia kalibu ya kupitisha, iliyo wazi ndani.

Kwanza pitisha ukucha juu ya uvimbe. Ukigusa mkunjo wa umbo la mwezi mchanga, litupe: kubana hakurudishi nguvu ya shaba. Hakikisha fataki (kiwashio kilicho kitakoni) imeshalipuka. Lisafishe, lipake mafuta kidogo, lisukume kwa fimbo mdomo ukitangulia hadi litokee juu. Likikwama, ongeza mafuta, usilazimishe kamwe. Kisha lipitie kalibu ya kawaida.

Njia hii haifai kwa 9x19 (aina nyingine ya risasi ya bastola), kwani ganda lake hupungua upana kuelekea mdomoni.