Kozi moja ya Moodle, wanafunzi wa kila aina: anza na mafaili

Mwongozo huu ni wa mhadhiri ambaye kozi yake ipo tayari kwenye Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni, lakini imebaki kuwa stoo ya slaidi. Naeleza ninavyoipanga kwa darasa la kawaida la chuo cha Tanzania: yumo asiyeona, yumo kiziwi, yumo mwenye ualbino anayekaa mstari wa mbele na bado haioni projekta, yumo mama anayenyonyesha, na wamo wengi ambao bumu, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo, likichelewa hawana hata bando.

Hatua ya 1: Uliza kabla hujapakia chochote

Tengeneza dodoso fupi. Utasomea kwenye simu au kompyuta? Intaneti unaipata chuoni au kwa bando lako? Kuna jambo linalokupa shida katika kusoma, kusikia au kuandika ambalo ungependa nilijue? Usiulize "una ulemavu gani?", maana unachohitaji ni kujua kizuizi, si cheti cha daktari. Majibu uyaone wewe peke yako. Kiungo kipitie pia kwa CR, mwakilishi wa darasa, kwenye grupu la WhatsApp, kwa sababu wiki ya kwanza wapo ambao hawajapata nywila.

Hatua ya 2: Safisha mafaili

Hapa ndipo kazi ilipo. Fungua PDF yako na ujaribu kuteua mstari mmoja wa maneno kwa kipanya. Ukigoma kuteuliwa, hiyo ni picha ya karatasi. Wewe unaiona sura ya kitabu. Mwanafunzi anayetumia NVDA, programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti, anaambulia patupu. Notsi za miaka mingi zilizopigwa skani stationery ziko hivyo karibu zote.

Ipakie PDF hiyo Google Drive, bofya kulia, chagua kuifungua kwa Google Docs. Maneno yatatolewa kwenye picha. Yasome mwenyewe, kwani majedwali na fomula huharibika sana. Kama muda hautoshi, anza na masomo ya wiki tatu za kwanza, mengine yafuate.

Kwenye Word, vichwa vya habari vitoke kwenye mitindo ya vichwa iliyomo ndani ya programu. Kukoleza wino tu hakutoshi. Anayetumia NVDA akifungua notsi kama ukurasa wa wavuti hubonyeza herufi H na kuruka kutoka kichwa hadi kichwa. Bila mitindo hiyo atasikiliza kurasa 40 mfululizo akitafuta aya moja. Kila mchoro uwekee maelezo mafupi yanayosema unaonyesha nini. "Grafu" si maelezo. "Bei inapanda, mahitaji yanashuka" ni maelezo.

Na toa faili la Word pamoja na PDF. Mwenye uoni hafifu atakuza herufi apendavyo bila kuburuta ukurasa kushoto na kulia kwenye kioo cha simu.

Hatua ya 3: Sauti kwanza, video baadaye

Wengi hukimbilia video kwa sababu inapendeza mbele ya wakuu wa idara. Piga hesabu: sauti ya dakika 10 iliyohifadhiwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde ina MB 2.4. Video ya muda huohuo kwa kilobiti 1,500 inapita MB 110. Nani analipia tofauti hiyo? Rekodi video pale tu macho yanapohitajika, kama kwenye jaribio la maabara, na uipe manukuu.

Kila sauti iambatane na maandishi yake. Ila kwa kiziwi anayetumia Lugha ya Alama ya Tanzania, maandishi ya Kiingereza hayamalizi kazi. Mtumie mkalimani wake notsi mapema, wakubaliane alama za istilahi kabla ya kipindi.

Waelekeze wote wapakue kozi kwenye app ya Moodle wakiwa kwenye Wi-Fi ya chuo, kisha wasome hosteli au nyumbani bila intaneti.

Hatua ya 4: Legeza muda wa majaribio

Moodle inakuruhusu kumwekea mwanafunzi mmoja, au kundi, muda wake peke yake. Jaribio la dakika 30 linaweza kuwa la dakika 45 kwa anayesomewa skrini na NVDA, na darasa lisijue. Majaribio madogo ya mazoezi ruhusu yafanywe nje ya mtandao kwenye app; ila ukiweka kikomo cha dakika, hiyo haitawezekana. Mimi huondoa kikomo, nabakiza tarehe ya mwisho.

Hatua ya 5: Lugha

Ruhusu majadiliano kwa Kiswahili, jibu la asaimenti libaki Kiingereza. Waliokuwa kimya ukumbini huanza kubishana.

Hatua ya 6: Watafute wasioingia

Wiki ya tatu, fungua orodha ya washiriki na uipange kwa mara ya mwisho kila mmoja alipoingia kwenye kozi. Wale wa chini kabisa usiwawekee tangazo humohumo kwenye Moodle, hawataliona. Wapigie simu au uwatumie SMS ya kawaida, maana simu ndogo ya kitochi nayo inapokea SMS. Kama tatizo ni kifaa, ulizia maabara ya kompyuta inafunguliwa saa ngapi jioni, na kama kompyuta mojawapo imewekewa NVDA.