Ukianzishiwa dawa mpya za moyo kushindwa kufanya kazi
Mimi ni muuguzi wa kliniki ya moyo, na hili nalirudia kwa kila mgonjwa: ukihamishwa kutoka enalaprili kwenda sakubitrili-valsartani, acha zipite saa 36 tangu kidonge cha mwisho cha enalaprili. Ukizichanganya, ulimi na koo vinaweza kuvimba hadi ushindwe kupumua. Andika saa ya kuanza kwenye boksi jipya, na enalaprili iliyobaki iondoe kabisa nyumbani.

Dapagliflozini, dawa ya kisukari inayotumika pia kwa moyo, haina mambo mengi: miligramu 10 mara moja kwa siku, hata kama huna kisukari. Sukari itatoka na mkojo, kwa hiyo jisafishe vizuri, fangasi huipenda. Ukitapika au kushindwa kula, mpigie daktari kabla ya kumeza.

Jipime uzito kila asubuhi ukishakojoa. Ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, tafadhali usisubiri tarehe ya kliniki.