Kitabu cha hadithi cha kumsomea mtoto, kijaribu kwa mdomo kwanza

Wazazi wenzangu, na nyie mashangazi na mabibi mnaosomea wajukuu, kitabu cha mkusanyiko wa hadithi msinunue kwa kuangalia jalada. Ukifika dukani kifungue katikati, sio mwanzo, halafu soma nusu ukurasa kwa sauti hapo hapo hata kama mwenye duka anakushangaa. Ukiona pumzi inakata kabla hujafika kwenye nukta, au ulimi unakwama kwama, kirudishe tu. Hadithi inapita mdomoni kwako kwanza ndo imfikie mtoto, kwa hiyo ikikushinda wewe yeye hataipata kabisa.

Halafu angalia wahusika wanaongea au wanasimuliwa tu. Chukua ile ya kima na papa, hadithi ya pwani ya siku nyingi, mmisionari Mwingereza Edward Steere aliikusanya Unguja ikachapishwa London mwaka 1870. Kima yuko juu ya mkuyu anamtupia papa matunda, wanazoeana, papa anambeba mgongoni ampeleke kwao, wakifika mbali huko baharini ndo anamwambia sultani wetu anaumwa na dawa yake ni moyo wa kima. Hapo nyamaza kidogo, usikimbilie mstari unaofuata, mtoto atakukodolea macho hadi umalizie. Kima anajibu bila wasiwasi kwamba sisi mioyo yetu tunaiacha mtini, ungesema mapema ningekuja nao, haya turudi tukauchukue. Papa mpe sauti nzito, kima nyembamba. Sasa kuna vitabu vinaimaliza yote hiyo kwa sentensi moja, eti papa alitaka kumdanganya kima lakini kima alikuwa mwerevu, yaani utamu wote umeisha na mtoto hajapata cha kushika.

Ila hadithi za zamani hazikuwa za watoto peke yao, wakubwa nao walikuwa wanasikiliza. Humo humo alimokusanya Steere kuna ya paa aliyemtajirisha maskini, halafu paa akiumwa yule bwana hamjali, paa anakufa na anatupwa kisimani. Ni hadithi nzuri mno, lakini ndefu na ya huzuni, sio ya kumlaza mtoto wa miaka 3. Kwa hiyo kitabu kisome chote peke yako kwanza, weka alama ya penseli hizi za sasa hivi, hizi zisubiri akifika miaka 7 au 8. Sio lazima ufuate mpangilio wa kitabu. Na mimi sipendi kabisa kumbadilishia mtoto mwisho ili isimtishe, bora hadithi ingoje umri wake.

Kwa wadogo chagua zinazoisha ndani ya dakika tano hivi, na zenye wimbo au maneno yanayorudi rudi, na hakikisha wimbo umeandikwa wote, sio "akaimba tena" basi. Mara ya tatu mtoto anauimba na wewe, hapo amekuwa msimuliaji mwenzako. Na mkusanyiko uwe na mchanganyiko, sio sungura anamlaghai fisi mwanzo mwisho, kuwe na zimwi, kuwe na msichana anayefanya jambo lake kwa akili zake, kuwe na ya kuchekesha tu. Picha moja kwa kila hadithi inatosha. Herufi ziwe kubwa za kusomeka hata kwa tochi ya simu.

Kama hela ni ya shida, intaneti kuna African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, hadithi ni za bure na za Kiswahili zipo nyingi, unapakua au unaprinti. Watu wa kila aina wanaandika na kutafsiri humo kwa hiyo ubora haulingani, pitia kwanza wewe mwenyewe, chagua sita saba ulizozipenda, ziprinti, bana na stepla, kitabu tayari.