Kabla hujaenda kupima lehemu, soma hapa kwanza

Lehemu, au kolestro kama wengi tunavyoiita, haiumi. Haileti kizunguzungu, haiwashi, wala haichagui wanene peke yao. Bila kutolewa damu huwezi kujua uko wapi. Kwa hiyo jipange.

Uliza maabara kama wanataka ufunge. Wengine watakuambia ukae muda wa saa 9 hadi 12 bila kula. Maji ruksa, chai ya maziwa hapana. Kama umetoka kuugua, ngoja kwanza wiki kadhaa, maana ugonjwa unaweza kushusha namba ukadhani uko salama. Na usile mchicha mtupu wiki nzima ili majibu yapendeze! Daktari anataka damu ya siku zako za kawaida, zile za chipsi na nyama choma.

Omba kipimo kamili. Namba moja ya jumla haitoshi. Unataka LDL, ile lehemu inayojichimbia kwenye kuta za mishipa, HDL, inayosaidia kuyarudisha mafuta kwenye ini, na trigliseraidi, mafuta mengine yaliyomo kwenye damu. Ukiambiwa tu "iko sawa", omba karatasi, piga picha, tunza.

Ulizia ukoo wako kabla ya kwenda. Baba au kaka aliyepata shambulio la moyo kabla ya miaka 55, mama au dada kabla ya 65, mtaje. Wapo wanaozaliwa na LDL ya juu, na ni wembamba kama ufito.

Chupa ya mafuta iliyoandikwa "haina kolestro" isikufariji. Mafuta ya mimea hayana kolestro tangu yalipokamuliwa. Mawese hayana, lakini karibu nusu yake ni mafuta ya aina inayopandisha LDL.

Sasa hili lingine lilitugharimu, nalo ni la baada ya majibu, ila liweke kichwani kabla.

Mjomba wangu ni fundi seremala. Alipima akiwa na miaka 58, LDL ikasoma 5.1 mmol/L, iko juu. Akaandikiwa statini, dawa ya kushusha lehemu, kidonge kimoja kila usiku. Baada ya miezi mitatu akarudia: 2.4. Ile karatasi aliitia kwenye nailoni, akawa anaionyesha barazani. "Nimepona." Mimi mwenyewe niliishika mkononi nikampa hongera. Sikumuuliza kama anaendelea na dawa.

Alikuwa ameacha. Kile kidonge hupunguza kasi ya ini kutengeneza lehemu. Ukiacha, ini linarudi kazini kama zamani, na baada ya wiki chache LDL imepanda tena. Ile 2.4 ilikuwa kazi ya dawa, na sisi tukaidhania afya yake.

Miezi kumi baadaye aliamka alfajiri kifua kimebana, taya linauma, shuka limelowa jasho. Akasema ni gesi. Shangazi akamchemshia tangawizi. Akanywa, akajilaza, akasubiri ipungue. Wakafika hospitali karibu adhuhuri. Damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa wa moyo, na sehemu ya msuli ilikuwa imeshakufa. Yu hai, tunashukuru. Lakini kutoka nyumbani hadi karakana, umbali ambao zamani aliutembea na ubao begani, sasa anapumzika mara nne. Tulipopanga nguo zake tulikuta vidonge vimefungwa kwa mpira wa raba, pakiti mbili nzima.

Kwa hiyo majibu yakiwa mazuri, muulize daktari: haya ni ya dawa au ni ya mwili wangu? Usiache kwa uamuzi wako. Misuli ikiuma bila sababu, rudi ukaseme; ipo dozi ndogo, ipo dawa nyingine. Ukiwa mjamzito au unatafuta mtoto, sema mapema. Mlonge na kitunguu saumu kula tu, lakini visichukue nafasi ya kidonge. Balungi liulizie, maana hugombana na baadhi ya statini. Presha na sukari pima siku hiyohiyo. Sigara acha, hakuna mjadala.

Na kifua kikibana na jasho likatoka, hata kama ni usiku wa manane, tangawizi iache jikoni. Mgongee jirani mwenye gari.