Safari ya kwanza Ulaya: anzia Lisbon, umalizie Granada

Mzanzibari anayepanga safari yake ya kwanza ya Ulaya mara nyingi hujaza miji minane katika siku kumi, akarudi nyumbani akivikumbuka viwanja vya ndege tu. Ushauri wangu ni kuchagua Ureno, ambayo athari zake tunaishi nazo, na Uhispania, na kuzipa siku kumi na mbili kamili, ama mwezi wa Aprili au Oktoba, kwa sababu joto la Córdoba, kusini mwa Uhispania, wakati wa kiangazi hupindukia nyuzi 40.

Anza na viza. Nchi hizo zimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ambalo viza yake humruhusu mgeni kukaa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Uingereza haimo, kwa hivyo anayetaka kupitia London aombe viza nyengine. Ombi hupelekwa kwenye ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, nayo kwa mpango huu ni Uhispania, yenye ubalozi Dar es Salaam. Itakubidi uvuke mwenyewe kwa boti ukatoe alama za vidole. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, wala lisipelekwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15, na bima ya safari iwe ya angalau yuro 30,000.

Lisbon ipe siku tatu. Panda tramu namba 15 hadi Belém, ambako ndani ya monasteri ya Jerónimos limo kaburi la Vasco da Gama, aliyefika Malindi mwaka 1498. Tega sikio pia: meza huitwa mesa, na kanisa ni igreja, neno lililotuachia sisi gereza.

Kutoka hapo chukua basi hadi Sevilla, kisha treni hadi Córdoba, mwendo usiofika saa moja. Msikiti mkuu, ulioanzwa na mtawala Mwislamu Abd al-Rahman I karibu na mwaka 785, una nguzo zaidi ya 850, na juu yake matao ya mistari myekundu na myeupe yanayofuatana mpaka macho yachoke. Tangu mwaka 1236 ni kanisa na Waislamu hawaruhusiwi kusali humo, basi sali kabla ya kuingia. Baadaye tembea mitaa ya nyuma uzitazame nyumba zilizogeukia ndani, kwenye behewa, yaani ua wa ndani, lenye kisima na vyungu vya maua. Aliyekulia Mji Mkongwe ataujua mpango huo papo hapo.

Tiketi ya Alhambra, ngome ya wafalme Waislamu kule Granada, inunue wiki kadhaa mapema, uheshimu saa iliyoandikwa ya kuingia majumba ya Nasri, yaani ya ukoo wa wafalme hao, na uchukue pasipoti yako. Usipite haraka. Kutani yamechongwa maneno “Wa la ghaliba illa Allah” (hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu), mamia ya mara, na mtoto yeyote aliyepita chuo cha Kurani kwetu ataweza kuyasoma. Ukitoka, panda mtaa wa Albaicín hadi kwenye msikiti uliofunguliwa mwaka 2003, ambao bustani yake inaelekeana na Alhambra. Fika kabla ya adhana ya alasiri.