Namna ya Kuahirisha Safari ya Familia ya Kupiga Kambi Kondoa Mvua Inapofunga Barabara

Likizo ya shule ya Desemba huangukia wakati uleule ambao mvua za Dodoma zinaanza, na ndiyo maana familia nyingi hujikuta hema limeshafungashwa huku njia haipitiki. Barabara kuu ya Dodoma hadi Babati, inayopita Kondoa na Kolo, ina lami. Taabu iko kwenye kilomita chache za mwisho, mkishaiacha lami na kuelekea kwenye vilima vyenye michoro ya miambani, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Kabla ya kuamua lolote, fahamu kwanza njia yako imefungwa na nini, kwa kuwa tope na korongo havisubiriwi kwa muda ule ule. Korongo la mchanga hujaa kwa ghafla hata pale mlipo pakiwa na jua kali, kwa sababu mvua imenyesha milimani na ardhi yetu, iliyo ngumu na yenye uoto haba, haiwahi kuyanywa maji yote. Lakini mara nyingi hupungua baada ya saa kadhaa. Udongo mweusi wa mbuga ni jambo jingine kabisa. Ukilowa hunata kwenye magurudumu na kuteleza, na jua la siku moja hukausha uso tu huku chini pakiwa bado tope, kwa hiyo mahali penye udongo huo panahitaji siku kadhaa mfululizo zisizo na mvua.

Taarifa za barabara kuu na za mkoa ziulizwe TANROADS, za wilaya na vijijini ziulizwe TARURA, na utabiri ufuatwe wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Hata hivyo, anayeijua hali ya leo asubuhi ni yule aliyepita leo asubuhi: dereva wa bodaboda, dereva wa lori la alizeti, au mwenyeji wenu kijijini. Usimuulize barabara ikoje, kwa maana kwa heshima ya mgeni atakujibu kwamba inapitika. Muulize gari la mwisho kupita lilikuwa la aina gani, lilipita lini, na lilikwama wapi. Majibu ya watu wawili wasiofahamiana, yakilingana, yanatosha kukuongoza.

Uamuzi ufanywe jioni ya kuamkia safari, na ufanywe na mtu mzima mmoja ambaye wengine wamekubali kumsikiliza, kwa sababu asubuhi, watoto wakiwa wameshapanda garini, hakuna mzazi anayepima mambo kwa utulivu. Waelezeni watoto sababu yenyewe pamoja na siku mtakayoangalia tena. Mtoto huvumilia kungoja kuliko kufichwa. Siku hiyo hiyo wapigieni simu mwenyeji na mtakayemtegemea awaongoze kwenye michoro, ili wasikae wakiwasubiri. Mkishangoja siku tatu au nne na mawingu bado yanajikusanya kila alasiri, ushauri wangu ni kuihamishia safari likizo ya Juni, wakati kiangazi kimeshika na njia hizo zimekauka.

Siku za kungoja zina kazi zake. Nyama, maziwa na mboga mbichi zipikwe nyumbani, na sandukuni vibaki unga, mchele, maharage, dagaa na mlenda mkavu. Kisha simamisheni hema uani na mliache linyeshewe usiku kucha, kwani hakuna kipimo bora cha mishono na zipu kuliko mvua yenyewe, na watoto wakilala humo watajifunza kufunga mlango haraka mbu wasiingie. Kila panapovuja pawekwe alama na pashonwe.

Njia ikifunguliwa, ondokeni alfajiri, kwa sababu mvua za radi za huku hupenda kunyesha alasiri na jioni. Garini muwe na sepetu, panga, kamba imara ya kuvutia, vipande viwili vya mbao vya kutegea magurudumu, na ubao mpana wa kuwekea jeki isizame. Mkikuta kizuizi, geuzeni. Gari zito likilazimishwa kwenye tope huacha mitaro ambayo ikikauka huwa migumu, na wanaoteseka nayo ni wenye baiskeli na wagonjwa wanaopelekwa zahanati, muda mrefu baada ya ninyi kurudi mjini.

Kwenye korongo lenye maji yanayokwenda kasi msijaribu kuvuka, wala asitumwe mtu kupima kina kwa miguu. Maji ya sentimita 30 tu yakiwa na mkondo yanaweza kulisukuma gari dogo, na chini yake mchanga huenda umeshahama. Hema nalo lisipigwe juu ya mchanga wa korongo, hata pakiwa pazuri na pasawa kiasi gani. Tafuteni mwinuko, mbali na mti uliosimama peke yake.

Pangeni pia chakula na maji ya kunywa ya siku mbili zaidi ya mnazokusudia, pamoja na dawa za wanaozitumia kila siku, kwa sababu korongo mlilovuka asubuhi likiwa kavu linaweza kujaa kabla ya jioni, na hapo mtalazimika kungojea ng'ambo. Mwachieni ndugu mmoja mjini jina la kijiji mnakokwenda na siku ya kurudi, akiwa na namba 112 ya dharura na simu ya mwenyeji wenu.