Seli shina kutoka mkojo wa mbwa: ninavyofanya mimi

Seli shina ni seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingi, na unaweza kuzitengeneza kwa kurudisha nyuma seli za kawaida. Kuzipata hizo za kawaida, nilianza na ngozi. Unamganzisha mbwa, unamkata kipande kidogo, mwenye mbwa anakuangalia kama mchinjaji. Siku hizi nakinga mkojo. Mwaka 2023 watafiti wa Osaka Metropolitan University, Japani, walionyesha kwamba seli chache zinazobanduka kwenye njia ya mkojo zinatosha kwa kazi hiyo.

Mbwa akiinua mguu, acha wa mwanzo umwagike, kinga wa katikati kwa kikombe kisicho na vijidudu. Wapita njia watakucheka, wazoee. Weka kwenye barafu, kisha kimbia maabara, maana mkojo huua seli kadiri unavyokaa. Niliwahi kuacha chupa mezani nikaenda kunywa chai. Kilichoota kwenye sahani ni bakteria watupu.

Zungusha kwa kasi kwenye mashine hadi seli zitulie chini, mwaga mkojo, osha mashapo yaliyobaki, yatie kwenye sahani yenye chakula cha seli na antibayotiki. Inkubeta, yaani kabati la joto la kukuzia seli, iwe nyuzi 37, kaboni dayoksaidi asilimia 5. Halafu uache kuchungulia! Kila ukifungua mlango unaziyumbisha.

Zikianza kuenea, usizingoje zizeeke. Seli kongwe hazigeuki kirahisi kuwa seli shina. Hapo ndipo unaziambukiza kirusi cha Sendai kilichobebeshwa jeni za kuzirudisha ziwe seli shina, ukiwa kwenye kabati la usalama, glavu mkononi. Shinya Yamanaka, mtafiti wa Japani, alipogeuza seli za panya kuwa seli shina mwaka 2006 alitumia jeni nne: Oct3/4, Sox2, Klf4 na c-Myc. Mbwa ni mkaidi zaidi. Wale wa Osaka waliongeza LIN28 na NANOG, na zote sita zilikuwa za mbwa mwenyewe, si za binadamu. Sendai naipenda kwa sababu ni kirusi cha RNA: hakijipachiki kwenye DNA ya seli, na hupungua kadiri zinavyogawanyika.

Baada ya wiki kadhaa tafuta vishada vilivyobanana, kingo zake kali, seli ndogondogo zenye kiini kikubwa. Vilivyolegea achana navyo. Vidokoe kimoja kimoja chini ya darubini, kila kimoja sahani yake.

Kisha vipime: kirusi kimeisha? Jeni ya NANOG ya seli yenyewe, si ile ya kirusi, imewaka? Zinaweza kuwa neva, misuli, utumbo? Mwisho hesabu kromosomu. Mbwa ana 78, na ukitoa X na Y zote zinafanana umbo, nyingine ndogo kama punje za ulezi. Hesabu asubuhi. Mimi nikihesabu usiku hupata 76.